Foronya za viraka kwa mabaki ya vitenge: kazi ya watu wawili

Mfuko wa mabaki ya vitenge haupungui kwa sababu moja kubwa: vipande vya mtu mmoja hufanana. Anayependa bluu amejaza bluu, na anayeshona sare za harusi ana kitenge kilekile vipande kumi. Mkichanganya mifuko ya watu wawili ndipo rangi zinapopata wenzake. Mwongozo huu unatoa foronya mbili za mito ya kochi, sm 40 kwa 40, kila mmoja aondoke na yake. Hazina zipu, kwa hiyo cha kununua ni uzi tu, kama hamna.

Mnachohitaji: viraka 32 vya sm 12 kwa 12, vipande 4 vya mgongoni vya sm 42 kwa 30, rili moja ya uzi wa poliyesta, sindano ya cherehani namba 14, pini, chaki, pasi, mkasi mkali na katoni ngumu. Hesabu zote hapa ni za sentimita, basi futi ya kupimia igeuzwe upande wa sentimita na ibaki hapohapo. Mmoja akipima kwa inchi na mwenzake kwa sentimita, hakuna kitakachokutana.

Hatua ya 1: Chambueni kabla ya kukata

Kubalianeni mapema kwamba kitambaa kikishaingia kwenye rundo hakina mwenyewe. Kile ambacho mtu anakionea uchungu kibaki mfukoni.

Kisha tenganisheni pamba na poliyesta, maana siku hizi vinauzwa vitenge vya aina zote mbili na kwa macho vinafanana. Chomoeni nyuzi chache, zibaneni kwa kibanio, ziwasheni juu ya sahani ya bati. Pamba huwaka ikinuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliyesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Msizichanganye kwenye foronya moja: moto wa pasi unaonyoosha pamba unakunja poliyesta, na baada ya kufuliwa pamba inarudi huku mwenzake akibaki vilevile, foronya ikajikunyata kwenye mishono.

Fueni vyote, hata vipya. Vyekundu na vya bluu iliyoiva vikiwa bado vibichi, vikandamizeni kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, fueni tena. Rangi ikiendelea kutoka, wekeni kitenge hicho kando. Chumvi na siki ambazo wengi wanazitegemea hazishiki rangi ya kiwandani iliyokwisha kulegea.

Hatua ya 2: Kukata

Mmoja akate vyote. Pima mraba wa sm 12 kwenye katoni, ukate miwili inayolingana, kwa sababu kingo za katoni huliwa na chaki na baada ya viraka kadhaa mraba wa sm 12 unakuwa pungufu. Wa pili ni wa kubadilishia.

Laza katoni ifuate nyuzi za kitambaa. Ukivuta kitambaa kikakataa kurefuka, umefuata nyuzi. Kikirefuka kama mpira, umekwenda mshazari, na kiraka hicho kitapinda chini ya cherehani hata kama umekikata sawasawa. Kipande cha sm 15 kwa 40 kinatoa viraka vitatu.

Khanga inaweza kuingia, ila ni nyepesi kuliko kitenge, kwa hiyo igandishieni kwa pasi gamu stifu nyembamba, kile kitambaa chenye gundi cha kukazia, upande wa ndani kabla ya kukata. Jina la khanga msilikate vipande vipande. Linapendeza likikaa zima mgongoni mwa foronya. Lisomeni kwanza, lakini. Jina la kumsuta jirani si la kuweka sebuleni.

Hatua ya 3: Kupanga

Pangeni viraka vinne kwa vinne sakafuni au juu ya shuka. Kosa la kawaida ni kuchagua vile vizuri tu: vikikaa vitenge kumi na sita vyenye maua makubwa, jicho halipati pa kutua. Wekeni kimoja chenye kelele, kinachofuata kilichotulia, kama ubao wa drafti. Pigeni picha kwa simu muigeuze nyeusi na nyeupe. Viraka viwili jirani vikionekana kijivu kimoja, badilisheni kimoja, hata kama rangi zao ni nyekundu na kijani.

Mkiridhika, andikeni namba kwa chaki upande wa ndani: 1A, 1B, 1C, 1D, kisha mstari wa pili. Bila namba, anayepiga pasi atageuza kiraka na hamtakumbuka kilivyokuwa.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Nafasi ya mshono ni sm 1. Pimeni sm 1 kutoka kwenye sindano kwenda kulia, mbandike plasta juu ya bamba la cherehani iwe ukuta wa kuongozea ukingo wa kitambaa. Hapa ndipo kazi za watu wawili huharibika. Mstari wa viraka vinne una mishono mitatu na unatakiwa uwe sm 42. Mwenzako akishona kwa milimita 12 badala ya 10, mstari wake unatoka sm 40.8, na hauungani na wako. Kwa hiyo foronya moja ishonwe na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, kisha mbadilishane viti kwa foronya ya pili.

Urefu wa kila pigo la mshono ni milimita 2.5. Zile cherehani nyeusi za zamani zinazohesabu mishono kwa inchi, wekeni 10. Mshonaji aunganishe viraka viwili viwili, upande mzuri kwa upande mzuri, akiingiza jozi moja baada ya nyingine bila kukata uzi katikati. Mwenzake akae upande wa pili, akate uzi kati ya jozi na kupiga pasi. Uzi ukijifunga kiota upande wa chini, msianze kuhangaika na bobini. Mara nyingi uzi wa juu haukupita vizuri kwenye kikazio, vile visahani vinavyoubana. Nyanyueni mguu wa cherehani, mtunge upya.

Pasi iwekwe na kunyanyuliwa, isiburutwe. Mishono ya mstari wa 1 na wa 3 ilazwe kulia, ya 2 na ya 4 kushoto. Mistari ikikutanishwa, mikunjo hiyo inaumana na pembe zinakaa mahali pake. Pini moja kwa kila makutano, na ichomolewe kabla sindano haijaifikia.

Hatua ya 5: Mgongo

Kila kipande cha mgongoni pindeni upande mmoja mrefu, sm 1 kisha sm 2, mshone. Vinabaki sm 27 kila kimoja. Lazeni uso wa viraka ukitazama juu, mweke vipande viwili juu yake vikitazama chini, mapindo yakipishana katikati kwa sm 12. Mkipunguza mpishano ukawa sm 8, mto unachungulia mtu akiegemea.

Shoneni pande zote nne kwa sm 1, mkirudia mara mbili pale mapindo yanapopishana, maana ndipo panapochanika. Kateni ncha za pembe, mkiacha milimita 3 kutoka kwenye mshono, kisha pitisheni ovaloki au zigizaga. Geuzeni, msukume pembe kwa kalamu iliyofungwa, si kwa ncha ya mkasi. Mto wa ndani wa sm 42 hujaza pembe vizuri kuliko wa 40.

Masalia yaliyozidi sm 5 kwa upana kateni utepe wa kusukia zulia la mlangoni. Madogo zaidi yakatwekatwe yajaze kimto cha kuchomekea pini; mto mzima ukijazwa hayo unakuwa mzito na wenye mabonge.