Unajenga mwenyewe? Piga hesabu ya hela na ya joto kabla hujachimba msingi

Wengi tukisikia nyumba isiyokula umeme akili inakimbilia kwenye sola na AC za kisasa, ila hivyo vyote unaweza kuvinunua hata miaka mitano baada ya kuhamia. Usichoweza kubadilisha tena ni nyumba imeelekea wapi, ina umbo gani, madirisha yako upande gani na paa limekaaje, na hivyo ndo vinaamua bili yako miaka yote utakayoishi humo. Vingi kati yake vikiwa bado kwenye karatasi havikugharimu kitu, kwa hiyo akili na hela ya mwanzo ziende huko.

Anza na hela uliyonayo au unayoipata kwa uhakika, sio ile unayoitegemea. Kabla hujafikiria vyumba vingapi toa kama asilimia 15 weka pembeni kwa ajili ya dharura, halafu toa ramani, kibali, kupima udongo, kuvuta maji na umeme, mfumo wa maji taka, uzio. Kinachobaki ndo hela ya nyumba yenyewe. Sasa tafuta watu waliomaliza kujenga karibuni huko unakojenga, waulize mita moja ya mraba iliwatoka shilingi ngapi mpaka wanahamia, nasisitiza mpaka wanahamia, maana mtu anaweza kukutajia bei ya boma tu, yaani nyumba ambayo haijafanyiwa finishi, na wewe ukajua ndo imeisha wakati finishi peke yake inaweza kumeza hela sawa na boma zima. Gawanya hela yako ya nyumba kwa bei hiyo ya mita, utapata ukubwa unaoumudu. Ukiona ni mdogo kuliko ulivyotaka, punguza chumba, usipunguze ubora wa paa. Chumba unaweza kuongeza baadae kama ramani imeacha nafasi.

Umbo ndo watu wanapopotezea hela bila kujua. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 10, ni mita za mraba 100 na kuta za nje zinazunguka mita 40. Nyingine ya 5 kwa 20, ukubwa ni ule ule 100 lakini kuta zinazunguka mita 50. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3 hapo umeongeza mita za mraba 30, na kwa tofali za inchi 18 kwa 9 ni kama tofali 300 zaidi, bado msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), plasta nje na ndani, na rangi. Na kila ukuta wa nje ni mahali joto linapoingia au kutoka. Kona kona nyingi zinapendeza kwenye picha ila kila kona unailipia. Ila kama uko sehemu ya joto na unyevu usibane sana, nyumba nyembamba kiasi inapitisha upepo vizuri, cha muhimu kila chumba kiwe na matundu pande mbili ili hewa iingie huku itokee kule.

Mwelekeo sasa. Sehemu za joto nyumba ilale mashariki-magharibi, yaani pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, kwa sababu jua la juu unalizuia kirahisi kwa bati kutokeza nje ya ukuta lakini la jioni linakuja limelala na linapiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Huko weka stoo, choo, ngazi, sio chumba cha kulala cha watoto. Sehemu za baridi ni kinyume, jua unalitaka ndani, kwa hiyo madirisha makubwa yaangalie upande jua linakokaa wakati wa baridi, vioo viwe viwili viwili, na ukuta, sakafu na dari vipate kizuia joto kisichokatika njiani.

Paa usilionee ubahili jamani. Bati la rangi nyepesi linapokea joto kidogo kuliko jeusi, chini yake weka foili ya kung'aa au pamba ya kuzuia joto, kisha acha matundu yenye wavu ili hewa ya juu ya dari itoke. Fanya wakati wa kupaua, ukisubiri baadae utabomoa dari.

Kuhusu umeme chukua karatasi, andika kila kifaa, wati mara saa gawanya kwa 1,000 unapata yuniti. Taa 10 za LED za wati 9 zikiwaka saa 5 ni yuniti 0.45 tu. Hita ya bafuni ya wati 4,500, watu watano dakika 10 kila mmoja, ni yuniti 3.75. Umeona? Mzigo ni maji ya moto, kwa hiyo hita ya sola ya maji mara nyingi inatakiwa itangulie kabla ya mabetri ya umeme wa sola. Ila tenki la lita 200 likijaa ni zaidi ya kilo 200 juu ya paa, mwambie fundi kabla hajapiga kenchi, yaani fremu ya paa. Na kabla ya plasta pitisha bomba tupu za waya za sola ya baadae kutoka kwenye paa mpaka inapokaa mita, ni hela kidogo sana siku hiyo.

Ukishapata ramani mpe mkadiriaji majenzi akutolee BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi zote na bei zake, usianze na makadirio ya mdomo. Gawa kazi kwa hatua: msingi na jamvi (sakafu ya zege), kuta mpaka lenta, kupaua, milango na madirisha, halafu finishi, na usianze hatua ambayo huna hela ya kuimaliza. Saruji usinunue ya kukaa miezi, inapoteza nguvu. Zege limwagiliwe maji angalau siku 7. Fundi mlipe kulingana na kazi iliyokwisha kukaguliwa, mkataba uwe wa maandishi, na ukitaka kubadilisha kitu katikati muandike bei yake kwanza ndo kazi iendelee.