Somo: Kufunga matoleo ya maktaba za Python, hata zile usizoziagiza

Mwaka 2023, Oktoba ikiwa ndiyo kwanza imeingia, nilikwenda Muheza kumwekea mteja kompyuta mpya kwa ajili ya programu ya kuhesabu marobota ya katani, programu ambayo hapa Ngamiani ilikuwa ikifanya kazi bila taabu yoyote. Kule haikuwaka. Ilitoa kosa lisemalo `cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'`, nami Werkzeug sikuwahi kuiandika popote, katika `requirements.txt`, faili linaloorodhesha maktaba (mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari) za programu, kulikuwa na mstari mmoja tu, `Flask==2.2.2`, maktaba ya kutengenezea programu za wavuti, nikaamini nimemaliza.

Flask huitegemea Werkzeug, na toleo lile liliomba Werkzeug 2.2.2 au jipya zaidi, bila kuweka kikomo cha juu. Werkzeug 3.0 ilipotoka mwishoni mwa Septemba ikiwa imeiondoa `url_quote`, ambayo Flask ile bado iliihitaji, pip (programu ya kusakinisha maktaba za Python) iliichukua hiyo, ilhali kompyuta yangu ilibaki na ya zamani. Hata `pip check` ilijibu kwamba hakuna kasoro, kwa kuwa masharti yaliyoandikwa yalikuwa yametimia yote. Dawa yake ni kufunga matoleo, yaani kuandika namba kamili ya toleo la kila maktaba, hata ile iliyoletwa na nyingine.

Hatua ya 1. Tengeneza mazingira pepe ya mradi (folda yenye maktaba za mradi huo peke yake) kwa `python -m venv mazingira`, uyawashe, kisha usakinishe humo pip-tools, zana yenye amri ya `pip-compile`.

Hatua ya 2. Andika faili la `requirements.in` lenye maktaba unazozitumia wewe mwenyewe tu, kisha endesha `pip-compile`. Amri hiyo hukuandikia `requirements.txt` yenye kila maktaba na namba kamili ya toleo lake, na chini ya kila moja huweka maelezo ya aliyeileta: chini ya Werkzeug utakuta `# via flask`, na chini ya MarkupSafe utamkuta jinja2. Lisome faili hilo mstari kwa mstari walau mara moja, kwani hapo ndipo utakapowajua wageni wote waliomo nyumbani mwako na nani aliyewakaribisha.

Hatua ya 3. Pakua nakala za maktaba zote kwa `pip download -r requirements.txt -d ghala`, uziweke kwenye fleshi. Kwa mteja tumia `pip install --no-index --find-links=ghala -r requirements.txt`, ambayo haigusi intaneti kabisa. (Bando lako nalo litapumua.)

Hatua ya 4. Hifadhi mafaili yote mawili, `requirements.in` na `requirements.txt`, katika Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Folda ya mazingira usiihifadhi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nipo Pangani. Nimepakua ghala kwenye Windows, lakini seva ya Linux inakataa kusakinisha MarkupSafe, wakati Flask haina shida.*

Marahaba. Tazama majina ya mafaili: la Flask huishia na `none-any`, maana yake linafaa popote, lakini la MarkupSafe lina sehemu iliyoandikwa kwa C, hivyo lako limeishia na `win_amd64`, yaani ni la Windows tu. Pakua ukiwa kwenye Linux yenye toleo lilelile la Python, au ongeza `--platform manylinux2014_x86_64 --only-binary=:all:` pamoja na `--python-version` ya seva.

*Je, `pip freeze` haitoshi?*

Kwa dharura inatosha. Ila huorodhesha kila kilichomo, pamoja na maktaba uliyoijaribu siku moja ukaisahau, wala haikuambii nani ameleta nini.

*Mwalimu, nikifunga kila kitu, si nitabaki na matundu ya usalama miaka nenda miaka rudi?*

Utabaki nayo usipofungua kwa hiari yako. Desemba 2021, tundu la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, lilipotangazwa, wengi wanaotumia Java walihangaika kujua kama wanayo, kwa sababu iliingia ikiwa imebebwa na maktaba nyingine. Mwenye orodha kamili hutafuta jina tu. Mimi huendesha `pip-audit -r requirements.txt`, inayokagua kama maktaba zina matundu yanayojulikana, kila mwanzo wa mwezi, kisha hupandisha maktaba moja baada ya nyingine kwa `pip-compile --upgrade-package werkzeug`, nikajaribu programu nzima kabla ya kugusa inayofuata. Sifanyi hivyo Ijumaa, wala siku ya safari ya Muheza.