Kushuka Lushoto mpaka Mombo kwa baiskeli, kwa spidi: andaa hivi, shuka hivi

Kuna watu watakwambia utamu wa baiskeli ni kupanda mlima. Mimi napanda ili nishuke, basi. Upepo unakupiga masikioni mpaka cheni huisikii tena, machozi yanatoka yenyewe, ukilaza baiskeli kwenye kona tumbo linabaki nyuma alafu linakufuata, na ukitoka kwenye ile kona salama unajikuta unapiga kelele peke yako barabarani na hujali nani anakuangalia. Na huu mteremko wa Lushoto, huku milima ya Usambara mkoani Tanga, una kitu chake cha ziada, juu unaanza na baridi ya kukunja vidole alafu huku chini hewa ya moto inakupokea usoni kidogo kidogo kadiri unavyokaribia tambarare ya Mombo na makonge yake.

Juzi kati nimemsaidia kijana wa hapa mtaani kuandaa baiskeli yake kwa ajili ya hii safari. Alikuja na maswali ya spidi, ainame vipi, aweke gia ipi, avae nini. Tukamaliza hayo haraka sana, muda wote uliobaki ulikuwa wa breki, tumekaa nje na spana mpaka giza likaingia. Kwahiyo na huu mwongozo utakuwa hivyohivyo, msinilaumu. Mtu anayeziamini breki zake ndo anaachia, asiyeziamini anashuka ameshikilia njia nzima na raha yenyewe haioni.

Barabara yenyewe ni lami, kilomita 33 hivi kutoka Lushoto mpaka Mombo, unashuka karibu mita 1,000. Lushoto mpaka Soni ni mteremko wa wastani, kuna sehemu bado unapiga pedeli. Soni kushuka Mombo ndo penyewe, kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, barabara nyembamba.

Hatua ya 1: Baiskeli

Yoyote yenye fremu nzima na breki za kubana rimu za mikono mirefu, au diski. Mimi nachagua mtumba wa Japani kuliko mpya ya dukani yenye shokapu mbele na nyuma, zile mpya za bei rahisi uzito mwingi, breki za bati, na hizo shokapu zinayumba kwenye kona. Ile baiskeli ya mzee yenye breki za fito iache nyumbani, ni baiskeli ya heshima, ya kubeba mkaa na magunia, ila kwa hii kazi hapana.

Hatua ya 2: Breki (hapa tulia, usiruke kitu)

Elewa kwanza mzigo unaozipa. Tuseme wewe na baiskeli mna kilo 85. Kushuka mita 1,000 ni nguvu ambayo ikigeuka joto yote inachemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sehemu inachukuliwa na upepo, nyingine kidogo na matairi, inayobaki inaingia kwenye rimu mbili kupitia vipande vinne vya raba. Alafu spidi ikizidi mara mbili umbali wa kusimama unazidi mara nne. Kama kwa kilomita 30 kwa saa unasimama ndani ya mita 8 kwenye lami kavu, kwa 60 weka mita 30 na zaidi, na hapo bado ile sekunde ya kushtuka, ambayo kwa spidi 60 inakula mita 16 kabla hata vidole havijabana.

Sasa kazi. Toa matairi yote mawili, geuza baiskeli. Pitisha kucha kwenye ukuta wa rimu pale raba inaposugua. Ukikuta pamelika pameingia ndani, rimu hiyo imeisha, hata kama inazunguka sawa, maana ule ukuta ndo unaolishikilia tairi na siku ukipasuka unapasuka ukiwa umebana breki, yani kwenye spidi. Badilisha. Kama ni nzima ioshe na maji ya sabuni, ikauke, malizia na spiriti na kitambaa kisafi. Mafundi wengi wanaosha na mafuta ya taa, mwambie fundi wako kwa heshima kwamba kwenye rimu hapana, mafuta ya taa yanaacha utando na breki inateleza. Cheni aoshee anavyotaka.

Raba za breki zitoe. Kama zinang'aa zimeungua juu, sugua na msasa mpaka zirudi kuwa nyeusi isiyong'aa. Ziangalie kwa karibu, utakuta vipande vidogo vya bati la rimu vimejichomeka ndani, chokonoa vyote na sindano, ndo vinavyokwangua rimu na kutoa ule mlio wa kukera. Kama zimekuwa ngumu ukibonyeza na ukucha hazibonyei, tupa. Raba ni kitu ambacho sibani hela kabisa, bora nisinunue chupa ya maji wala taa lakini raba nanunua nzuri, na ukinunua zile laini sana zinazouzwa kwa bei ya pipi zitaisha hata Mombo hujafika.

Rudisha matairi kwanza. Kurudisha raba ndo pagumu, hapa ndo tulikaa mpaka usiku. Raba inatakiwa iguse rimu tu. Ikipanda juu kidogo inagusa tairi, na kwenye mteremko mrefu inakata ukuta wa tairi mpaka tyubu inatoka. Ikishuka chini kidogo inalika upande, inajitengenezea kipembe, siku moja inapita chini ya rimu inaingia kwenye spoku. Na kumbuka mikono ya breki inazunguka kwenye duara, kwahiyo raba ikilika inashuka yenyewe, usiweke chini kabisa ya rimu hata kama leo inaonekana imekaa vizuri. Alafu isikae bapa, ncha ya mbele iguse rimu kabla ya ncha ya nyuma, tofauti ya milimita moja tu. Namna rahisi: chukua kipande cha kadi ngumu, weka kati ya rimu na ncha ya NYUMA ya raba, bana breki kwa mkono mmoja, kaza nati kwa mwingine, achia, toa kadi. Shida ni kwamba ukikaza nati raba inazunguka nayo, kwahiyo ishike na koleo, au kaza robo, angalia, kaza robo, angalia. Utarudia. Upande wa pili nao uko kinyume, ukikaza inazungukia upande mwingine, usishangae. Ukimaliza ya mbele kunywa chai ndo urudi kwa ya nyuma, ukiwa umechoka unakaza hovyo.

Waya. Vuta breki uangalie pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki, kama nyuzi hata moja imekatika badilisha waya mzima leo, wala usiniulize kama itafika. Bomba la waya likiwa na kutu ndani, breki inabana lakini hairudi, weka bomba jipya, ni hela ndogo. Kaza waya mpaka ukibana kwa nguvu zote mkono wa breki haugusi usukani, ubaki na nafasi ya vidole viwili.

Jua breki ya mbele iko mkono gani! Mtumba wa Japani mara nyingi ya mbele iko kulia, wa Ulaya mara nyingi iko kushoto, na ukiazima baiskeli ya mtu mikono yako itakumbuka ile ya kwako. Kama haiendani na ulivyozoea badilisha waya, dakika kumi tu.

Jaribio: simama pembeni, bana ya mbele tu, sukuma baiskeli mbele. Tairi la nyuma linatakiwa liinuke. Kama la mbele linaburuzika kwenye lami kavu, rudi mwanzo wa hatua hii. Likiinuka, nenda kwenye kimteremko cha karibu, kimbiza, bana karibu kusimama, achia, rudia mara ishirini hivi ili raba mpya zikae.

Wenye diski, kwenu ni fupi zaidi ila sharti moja: mafuta yasiguse diski. Ukipulizia cheni mafuta na yakarukia diski, pedi zimekunywa na hazirudi. Na msishike diski kwa vidole.

Hatua ya 3: Matairi na vinavyolegea

Tairi lisiwe na mpasuko pembeni. Usijaze upepo mpaka ile namba ya mwisho iliyoandikwa pembeni, kwa tairi pana la 26 mimi naweka 45 psi hivi. Tyubu yenye viraka vingi usishuke nayo, joto la rimu linalegeza gundi. Kaza ekseli. Shika breki ya mbele utikise baiskeli mbele nyuma, ukisikia inagonga kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea, kaza.

Hatua ya 4: Mavazi

Helmeti, miwani, glovu, koti jepesi la kufunga zipu mpaka shingoni. Miwani ni lazima, mdudu akikuingia jichoni kwa spidi 50 unaendesha kipofu.

Hatua ya 5: Lushoto mpaka Soni

Toka asubuhi kukiwa kumekavu na ukungu umepanda. Kama mvua imenyesha ahirisha, rimu ikilowa breki inachelewa kushika, na kwenye kona kunakuwa na udongo ulioporomoka. Kipande hiki tumia kuzoea: mikono chini kwenye usukani, viwiko vimekunjwa, vidole viwili juu ya breki MUDA WOTE, pedeli zote usawa mmoja, makalio yameinuka kidogo kwenye siti ili magoti yameze matuta. Gia kubwa ya mbele, hata kama hupigi pedeli, cheni inakaa imevutika. Ikishafika 50 kupiga pedeli hakukuongezei kitu, jikunje tu.

Na kujikunja kuna mipaka. Chris Froome, yule mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2016 kwenye Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, alishuka mlima wa Peyresourde amekalia bomba la juu la fremu, kifua kwenye usukani, huku anapiga pedeli, akashinda siku ile. Watu wakaiga kila mahali. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakaja kuupiga marufuku huo mkao kwenye mashindano kuanzia Aprili 2021, na wale barabara wanafungiwa. Hapa kwetu kuna Fuso ya kabichi inapanda. Kaa siti yako.

Hatua ya 6: Soni kushuka Mombo

Simama Soni. Maporomoko ya maji unayaona hapohapo barabarani, pumzika, shika nati zote tena, angalia raba zimekaaje. Alafu shuka.

Kubana: usishikilie breki kidogokidogo njia nzima. Watu wanaona ndo usalama, ila ndo unapika rimu, maana kwa spidi ya kati upepo haukusaidii sana na raba hazipati nafasi ya kupoa. Achia kwenye mnyoofu, upepo ufanye kazi yake, alafu kabla ya kona bana kwa nguvu, mbele zaidi kuliko nyuma, makalio yarudi nyuma, achia tena. Bana, achia.

Kona: kazi yote ya breki iishe kabla hujalaza baiskeli. Ukibana ya mbele katikati ya kona penye kokoto, tairi linaondoka na hulirudishi. Pedeli ya upande wa nje iwe chini, uikanyage kwa uzito wako wote, ya ndani iwe juu isije ikagusa lami. Macho yaangalie unapotokea, wala sio kwenye shimo wala kwenye bonde, kwa sababu baiskeli inaenda macho yanapoenda, kweli kabisa. Kona ya kushoto ingia ukiwa karibu na mstari wa kati, kata karibu na ukingo, tokea katikati ya upande wako. Kona ya kulia anzia ukingoni kushoto na usivuke mstari wa kati hata kama unaona peupe, Noah inakuja inaipita Fuso kwenye kona na dereva hategemei kukuta mtu. Kona ambayo huoni mwisho wake ingia kwa spidi ambayo unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Ukingoni kuna mchanga, katikati ya njia ya malori kuna oili, mistari iliyopakwa rangi inateleza ikiwa na unyevu. Njia nzuri ni pale linapopita tairi la kushoto la gari.

Ukiipata ile mfululizo, bana, achia, laza, inuka, laza upande wa pili, hapo ndo utaelewa kwanini nimekukalisha kwenye breki usiku kucha. Hufikirii kitu kingine chochote, kodi, kazi, madeni, hakuna.

Hatua ya 7: Usukani ukianza kutetemeka wenyewe

Inatokea kwenye spidi, baiskeli nzima inatikisika kushoto kulia kwa haraka. Usikaze mikono, ukikaza inazidi. Bana bomba la juu la fremu kwa magoti yote mawili, inua makalio kidogo, legeza mikono, alafu punguza spidi taratibu kwa breki ya nyuma. Inatulia. Ukifika sehemu salama simama utafute sababu, mara nyingi ni beringi za shingo, tairi lisilokaa sawa kwenye rimu, au mzigo uliofungwa nyuma. Begi vaa mgongoni, ulikaze.

Hatua ya 8: Mombo

Usimwagie maji rimu wala diski ikiwa ya moto, iache ipoe. Kagua raba, kama zimelika nusu badilisha kabla ya kurudia. Kurudi juu, panda gari hapo Mombo, mwambie konda baiskeli ifungwe juu kwa fremu, sio kwa tairi wala waya za breki, na usimamie mwenyewe mpaka kamba ya mwisho, la sivyo utafika Lushoto na rimu imepinda na ile kazi yote ya kadi na koleo unaianza upya.