Kukadiria umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili ya mbali

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ramani bapa huzitanua sehemu zilizo karibu na ncha za dunia, na njia iliyo fupi kweli juu ya tufe huonekana imepinda. Ndiyo maana ndege za New York kwenda Tokyo mara nyingi hupanda hadi jirani na Alaska.

Kwanza tafuta latitudo na longitudo za miji yote miwili. Kaskazini na mashariki ni chanya, kusini na magharibi ni hasi. Kisha:

cos D = (sin lat1 × sin lat2) + (cos lat1 × cos lat2 × cos ya tofauti ya longitudo)

D ni pembe kwa digrii; izidishe kwa 111.2 upate kilomita. Chukua London (51.5, −0.1) na Tokyo (35.7, 139.7). Tofauti ya longitudo ni 139.8, hesabu inatoa takriban 0.07, na ukibonyeza cos⁻¹ kwenye kikokotoo unapata D, karibu digrii 86: kilomita 9,560 hivi. Jibu likija la ajabu, angalia kama kikokotoo kimewekwa radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya digrii. Kosa jingine ni kusahau alama ya hasi: New York iko longitudo −74, na bila hasi hiyo inahamia Kyrgyzstan.

Muda sasa. Ndege kubwa za abiria husafiri kwa kilomita 850 hadi 900 kwa saa zikishatulia angani. Gawanya umbali kwa 870, halafu ongeza dakika 40 za ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Kwa London–Tokyo jibu ni muda wa saa 11 na dakika 40.

Lakini safari hiyo leo huchukua kama saa 14 kwa mashirika mengi. Tangu 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya, na yale ya Japani huikwepa, hivyo ndege huzunguka, ama kusini kupitia Asia ya Kati ama kaskazini upande wa Alaska. Fomula haijui siasa. Kwa hiyo kabla ya kuamini jibu lako, tazama njia ambayo ndege za juzi zilipita kweli.

Upepo nao una lake. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mkondo wa hewa unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkali zaidi majira ya baridi. London kwenda New York ni saa 8 hivi. Kurudi, kama 7.

Saa ya kufika usiipate kwa kujumlisha muda kwenye saa ya mji unaotoka. Geuza saa ya kuondoka iwe UTC (saa ya pamoja ya dunia; UTC+9 ni saa 9 mbele yake), ongeza muda wa safari, ndipo ugeuze kuwa saa ya unakokwenda. Tiketi huandika saa za miji husika kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Ukiondoka Tokyo (UTC+9) saa hiyo, ni 08:00 UTC. Ongeza saa 10 za kwenda Los Angeles: 18:00 UTC. Kule majira ya baridi ni UTC−8, basi unatua 10:00, saa nne asubuhi ya tarehe ileile uliyoondokea jioni.