Kumwandikia mbunge wa Uingereza kuhusu hewa chafu: anza na postikodi yako

Barua yangu ya kwanza nilimtumia mbunge asiye wangu. Nilimchagua kwa jina tu: lilikuwa la Kiafrika, nikasema huyu atanielewa haraka. Siku mbili baadaye ofisi yake ikanijibu kwa adabu kwamba sikai jimboni kwake, na kwa desturi ya Bunge la Uingereza mbunge haingilii shida za watu wa jimbo la mwenzake. Jioni nzima na kamusi ilikuwa imepotea bure.

Kwa hiyo anza na postikodi. Iingize kwenye tovuti ya Bunge, na jina la mbunge wako litatokea pamoja na barua pepe yake. Anayependa karatasi na stempu aandike House of Commons, London SW1A 0AA. Halafu, hata kama ni barua pepe, weka anwani yako kamili ya nyumbani. Usipoiweka, kabla ya lolote utaulizwa unaishi wapi.

“Lakini mimi sina pasi ya huku.” Hilo nalisikia kila tukikutana kwenye harusi na misiba. Mbunge anawakilisha wote wakaao jimboni, awe raia, awe na viza ya kazi, awe anasubiri majibu ya ukimbizi. Tena wengi wetu tuna kura na hatujui. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wenye kibali cha kukaa ni raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, kwa hiyo wanaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata ya ubunge. Mrundi na Mkongomani hawamo, ila wakiwa na kibali na wanaishi Scotland au Wales wanaweza kupiga kura za bunge la huko. Na wakaao huko, barua ya hewa waipeleke kwenye bunge hilo hilo, maana jambo hili liko mikononi mwake.

Sasa kwa nini hewa? Kwa sababu nyumba tunazozimudu mara nyingi ziko kando ya barabara kubwa, na moshi tunaovuta si wa magari yetu. Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki kwa pumu Februari 2013, akiwa na miaka 9. Nyumba yao ya Lewisham, London, ilikuwa kama mita 25 kutoka barabara ya South Circular. Mama yake, Rosamund, hakukubali yaishie pale. Mwaka 2020 uchunguzi wa pili wa kifo uliamua kwamba hewa chafu ilichangia, ikaandikwa kwenye cheti cha kifo, jambo ambalo halikuwahi kutokea Uingereza. Muswada wa hewa safi uitwao Sheria ya Ella ulipita Baraza la Malodi mwaka 2022, ukafika kwa wabunge wa kuchaguliwa na kukwama.

Kuna namba mbili za kukumbuka, zaidi ya hapo unajichosha. Shirika la Afya Duniani linashauri vumbi jembamba la PM2.5 lisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Lengo lililowekwa kisheria kwa England mwaka 2023 ni 10, tena ifikapo 2040.

Kwenye kuandika, ile “Yah:” tuliyofundishwa shuleni irudishe, maana ndiyo mada ya barua pepe. Kinachotakiwa kuachwa ni “natumai u mzima wa afya, nami huku sijambo”. Msaidizi anayefungua barua ana lundo mbele yake. Bwana au Bi na jina la ukoo vinatosha, kisha ingia kwenye jambo. Mimi ya pili niliandika hivi, kwa Kiingereza cha kawaida:

“Naishi ghorofa ya pili, na dirisha la chumba cha watoto linatazama kituo cha basi. Kila Jumamosi nafuta kizingiti cha dirisha kwa kitambaa cheupe, na kinakuwa cheusi kabla sijafika katikati. Mwezi Januari mwanangu wa miaka 7 alikosa shule siku tatu kwa pumu, na inhela ya bluu aliitumia kila usiku. Naomba umwandikie waziri wa mazingira kwa niaba yangu umuulize: hewa ya mtaa wetu itafikia mikrogramu 5 mwaka gani? Naomba pia nakala ya jibu lake.”

Swali ni moja, na linaishia kwa alama ya kuuliza. Kile kitambaa kinafanya kazi kuliko asilimia zozote. Ndiyo maana siwashauri watu kunakili barua ya mwenzao: barua kumi zinazofanana ofisi inazifunga pamoja na kuzijibu kwa jibu moja. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila mtu aliandika lake, na vijana wakasahihisha sarufi tu. Tuliwakataza kupamba.

Wenye kazi ya udereva wamo pia, nao wasijifiche. Tangu Agosti 2023 dizeli ya zamani inalipa pauni 12.50 kwa siku London nzima, na shemeji yangu mmoja akisikia neno “hewa safi” anatoka chumbani. Nilimwambia aandike yote mawili, kwamba mtoto wake anakohoa na kwamba anataka msaada wa kubadili gari. Mbunge anayetetea madereva pekee atalazimika kusoma na kikohozi.

Kufungwa kwa mtaa wa shule asubuhi ni kazi ya diwani, si mbunge. South Circular yenyewe iko chini ya Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji. Ukipenda kuonana na mbunge uso kwa uso, omba nafasi siku zake za kukutana na wananchi, mara nyingi Ijumaa au Jumamosi. Wanaziita “surgery”, jina lile lile la upasuaji, usiogope.

Jibu la waziri lilinifikia kupitia ofisi ya mbunge wangu baada ya wiki saba. Lilikuwa kurasa mbili zenye mipango na mamilioni ya pauni, ila namba 5 haikuwemo. Usiku ule ule nilimrudishia mbunge mstari mmoja: “Asante. Swali langu lilikuwa mwaka gani?”