Somo: Chungu cha maua kinachojinywesha, kwa sisi tusioshinda nyumbani

Mimi ni karani wa mizigo hapa Mtwara. Korosho zikianza kuingia bandarini natoka alfajiri, narudi usiku, na siku nyingine narudi kesho yake. Maua yangu yalikuwa yanakufa kila mwaka wakati huo huo. Nikajilaumu kwa uvivu, kumbe kosa ni la chombo. Kopo lenye tundu chini linataka mtu wa kulimwagia kila baada ya siku mbili tatu, na mtu huyo mimi siye.

Kwa hiyo kabla hujatafuta ndoo, jiulize: unakosekana siku ngapi mfululizo? Kama ni nne, acha, mwagia kabla hujasafiri, inatosha. Mimi nilitaka siku kumi.

Vifaa: ndoo mbili za lita 10 zinazofanana (zilizokuwa na rangi ya kupaka ukuta zinafaa, zisugue vizuri), kopo la plastiki la siagi la nusu kilo, kipande cha bomba la plastiki la inchi moja, chandarua kilichochanika, tyubu kuukuu ya baiskeli, na makumbi ya nazi. Makumbi huku kwetu unaombwa uyaondoe.

Hatua ya 1. Ndoo ya ndani. Kata tundu katikati ya kitako chake, dogo kidogo kuliko mdomo wa kopo la siagi. Pembeni toboa matundu madogo sita hivi kwa msumari wa moto, mizizi ipate hewa. Kopo nalo litoboe ubavuni pande zote. Kopo hili ndilo mguu: litajaa udongo, litasimama ndani ya maji, na maji yatapanda kupitia udongo wake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi.

Hatua ya 2. Ndoo ya nje. Simamisha kopo chini katikati, mdomo juu, na vipande vitatu vya bomba vyenye urefu sawa na kopo kulizunguka. Usiache kopo peke yake libebe uzito. Udongo ukilowa litabonyea. Juu yake chomeka ndoo ya ndani. Sasa kwa nje kadiria kitako cha ndoo ya ndani kimeishia wapi, shuka sentimita moja, toboa tundu la kufurikia. Tundu hili wengi wanalisahau. Bila hilo utajaza maji mpaka juu, mizizi ikose hewa, ioze, na utafikiri mmea una kiu, uongeze maji tena.

Hatua ya 3. Bomba la kujazia. Kipande kirefu kipite kwenye kitako cha ndoo ya ndani mpaka chini. Ncha ya chini ikate mshazari, isije ikaziba kwa kukaa bapa sakafuni.

Hatua ya 4. Mbu. Hapa naomba msiruke. Chungu changu cha kwanza kilifanya kazi vizuri mno. Nikarudi baada ya siku tisa, jani bichi, nikafurahi. Nikanyanyua ndoo ya ndani nichungulie: viluwiluwi wamejaa, wanajipinda kama alama za kuuliza. Walikuwa wameingilia kwenye mwanya kati ya ndoo mbili, usiozidi unene wa kidole kidogo. Mbu anayeeneza dengue na chikungunya, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hahitaji bwawa. Maji yaliyotulia ndani ya nyumba yanamtosha, na kwa joto letu yai linakuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Sisi watu wa kusini tuna sababu zaidi ya kujihadhari: chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 uwanda wa Makonde, na jina lenyewe ni Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu ya viungo.

Basi: sokota chandarua kama kamba, shindilia kwenye mwanya pande zote, kisha zungushia tyubu ya baiskeli juu yake ibane. Tundu la kufurikia bandika kipande cha chandarua kwa gundi. Bomba la kujazia liwe na kizibo muda wote.

Hatua ya 5. Udongo. Mchanga wetu wa pwani peke yake haupandishi maji vya kutosha, na mfinyanzi unasakama. Chambua makumbi, yakate vipande vifupi, yaloweke maji baridi na kuyabadilisha mara tatu ili chumvi itoke. Changanya makumbi sehemu mbili, mboji au samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja. Jaza kopo kwanza, ukishindilia kwa kidole, halafu ndoo.

Hatua ya 6. Panda, na maji ya kwanza mwaga juu, sio kwenye bomba. Udongo mkavu haunyonyi. Ukishalowa wote ndipo utaanza kuvuta wenyewe. Baada ya hapo jaza kwa bomba mpaka maji yatokeze kwenye tundu.

Kupima, tumbukiza kijiti kwenye bomba kama fundi anavyopima oili. Changu kinabeba lita mbili na nusu hivi, na pothos (lile ua la kutambaa lenye jani kama moyo na mabaka ya njano) linakikausha kwa siku kumi na moja. Lenu lipimeni wenyewe kabla ya safari.

Mahali pa kuliweka: sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Dirisha lililokuwa na kivuli Desemba litachoma majani Juni.

MASWALI

Masasi: Kaka, maganda ya korosho tunayo magunia. Siwezi kuyatumia badala ya makumbi?
Hapana, dada. Ganda lile lina mafuta makali, ndiyo yanayowababua mikono wabanguaji. Usiyaweke karibu na mizizi wala mkono wa mtoto.

Lindi mjini: Nina ule mmea wa majani marefu kama panga, sansevieria. Niuhamishie humo?
Usiuhamishe, utaoza kitako. Huo na zamioculcas (ule wa majani mazito yanayong'aa), ambao asili yake ni huku huku Afrika Mashariki na kusini yake, vinajiwekea akiba ya maji vyenyewe. Viache kwenye kopo la kawaida lenye tundu, mwagia ukikumbuka. Ndoo hizi ni za mimea yenye kiu.

Mikindani: Kaka, udongo wangu umefanya utando mweupe juu. Ni ukungu?
Usugue kwa vidole. Ukiwa kama unga wa chumvi, ni chumvi ya maji ya kisima: maji yanapanda, yanakauka, chumvi inabaki. Kwangua, kisha kila miezi mitatu mwaga maji ya mvua kwa juu, mengi, yatokee kwenye tundu.

Newala: Shikamoo. Mjukuu wangu anatafuna kila kitu. Hilo ua la kutambaa lina madhara?
Marahaba. Lina utomvu unaowasha mdomo na koo. Litundike juu, au panda mnanaa badala yake, unapenda maji na utapata wa kutia kwenye chai.

Nachingwea: Ndoo za rangi sebuleni, mke wangu hataki kuziona.
Wangu naye alikataa. Tukaivika mkeka wa ukindu tukaushona kwa nyuma, akaihamisha mwenyewe kutoka barazani.