Jinsi ya Kuzielewa na Kuzitumia Xiehouyu za Wanyama

Xiehouyu ni misemo ya Kichina yenye vipande viwili: cha kwanza huchora picha, cha pili huifumbua, na katika maandishi hutenganishwa kwa kistari kirefu. Msemaji hodari hutamka kipande cha kwanza tu, akanyamaza, na msikilizaji akajimalizia moyoni. Mswahili atakumbuka vitendawili, lakini hapa hakuna anayetega wala anayedai mji. Msemo hupita katikati ya mazungumzo ya kawaida.

Hatua ya kwanza ni kumtambua mnyama na desturi inayomzunguka. Katika gǒu ná hàozi — duō guǎn xiánshì, mbwa anakamata panya, kazi ambayo ni ya paka, kwa hiyo anajiingiza katika yasiyomhusu. Huángshǔláng gěi jī bàinián — méi ān hǎo xīn hudai zaidi, kwa kuwa ni lazima ujue kwamba bàinián ni desturi ya kutembeleana na kutakiana heri mwaka mpya wa Kichina unapoingia. Kicheche, mwizi wa kuku, anabisha hodi kwa kuku ili ampe mkono wa mwaka mpya: hana nia njema. Mimi huupenda msemo huu kuliko yote, maana ubaya wote umefichwa ndani ya adabu.

Hatua ya pili ni kusikiliza sauti. Zhū bízi chā cōng — zhuāng xiàng humwonyesha nguruwe aliyechomekwa vitunguu vya majani puani, akijifanya ndovu. Xiàng ni ndovu, lakini xiàng nyingine, yenye toni ileile na herufi tofauti kidogo, ni kufanana; hivyo anayesemwa ni mtu anayejitia asivyo. Mchezo huu haufasiriki. Itunze picha, kisha ieleze maana waziwazi, badala ya kulazimisha mzaha mwingine.

Hatua ya tatu ni kutafuta mwenzake wa Kiswahili kwa tahadhari. Duì niú tán qín, kumpigia ng'ombe ala ya nyuzi, ni msemo unaojitegemea ambao pia hutumika kama kipande cha kwanza, na cha pili huwa bái fèi jìn, kupoteza nguvu bure. Sisi husema kumpigia mbuzi gitaa. Hata hivyo, Wachina huweza kuutumia pia kumlaumu mpigaji ambaye hakuchagua hadhira, kwa hiyo soma muktadha kabla ya kumleta mbuzi.

Mwisho, chagua wa kumwambia. Ukimtajia mkubwa wako yule mbwa na panya, umemwita mbwa. Anza na rafiki mliyezoeana, mkizungumzia mtu anayejifanya kusikitika: sema māo kū hàozi, paka anamlilia panya, na kipande cha pili, jiǎ cíbēi, huruma ya uongo, mwachie akimalize yeye.